Faili ya Kusoma Tu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Nikikuta kikombe kimehama mezani, nauliza nani kakihamisha. Mume wangu husema nimekosea kazi, ningefaa kuwa mpelelezi. Kwa hiyo Jumanne ile, mtahiniwa wa kiti cha kumi na saba aliponyoosha mkono na kusema, "Samahani, mbona swali la tisa limeshajibiwa?", damu ilinichemka kabla sijafika mezani kwake.

Lilikuwa limejibiwa kweli. Tiki imekaa kwenye jibu la tatu, na jibu la tatu ndilo sahihi. Dada wa watu alikuwa amekaa chini dakika hiyo hiyo, hata jina lake hajaandika.

Kituo chetu kinasimamia mtihani wa leseni ya wauguzi. Kuna viti thelathini, na mbele ya kila kiti kuna skrini na kibodi tu. Kompyuta zenyewe hazishikiki. Ni mashine pepe, zinaishi zote ndani ya seva moja kubwa kwenye chumba cha nyuma, na mimi ndiye niliyezipanga. Niliwasha mashine moja, nikafungua mtihani hadi ukurasa wa kwanza, nikaigandisha hapo hapo, na kumbukumbu yake yote nikaihifadhi kwenye faili. Faili hiyo tunaiita Mama. Mtahiniwa akikaa, mashine yake inaamka kutoka kwa Mama, mtihani uko tayari, sekunde mbili tu. Mama anatakiwa asomwe tu. Anayoyaandika mtahiniwa yanakaa pembeni, kwenye mashine yake peke yake, na akimaliza majibu yanachukuliwa, mashine inafutwa, Mama anabaki kama alivyokuwa siku ya kwanza.

Sasa mashine ikiamka na tiki, maana yake kuna mtu kamchezea Mama. Niliingia chumba cha nyuma, nikaangalia. Faili niliyoiandaa miezi miwili nyuma ilionyesha imebadilishwa siku hiyo hiyo, saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Nikajaribu kuandika ndani yake kwa akaunti yangu mwenyewe, ikanikatalia. Kufuli nililoiwekea faili lilikuwa zima. Basi aliyeandika ana njia yake, na ili uipate njia hiyo lazima uwe mle ndani, umesimama mbele ya seva.

Ufunguo wa chumba kile tulikuwa nao wawili: mimi na Taratibu.

Taratibu ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Jina hilo alipewa kwao tangu utotoni kwa ajili ya kuongea kwake. Akianza sentensi unaweza kwenda kuanika nguo na kurudi, ukamkuta bado anaitafuta nukta. Kazi nilimwombea mimi, na kwa sababu hiyo siku ya kwanza nilimpa sharti. "Hapa hakuna ushemeji," nilimwambia. "La nyumbani tutaliongea nyumbani. La kazi, liandike." Sikutaka watu waseme tunabebana. Alicheka, akasema, "Sawa, shemeji. Nitaandika."

Ndani ya mlango wa chumba kile kuna daftari kubwa. Upande wa kushoto unaandika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na sahihi. Upande wa kulia ni wa maelezo, ukurasa mzima. Upande ule hakuna anayeujaza. Mimi niliujaza wiki ya kwanza, "kazi", "kazi", "kazi", nikachoka. Isitoshe rafu yenyewe ni nyembamba, kwa hiyo tumezoea kulikunja daftari, upande wa kulia ukaenda nyuma, tukasaini kushoto na kwenda zetu.

Nilisoma mstari wa mwisho. Taratibu, kuingia saa mbili na nusu, kutoka saa tatu kasoro dakika kumi. Mama alibadilishwa yeye akiwa mle ndani. Nikasaini mstari unaofuata, wa kwangu, nikamrudisha Mama kutoka kwenye nakala yake safi ya akiba.

Na sababu ilikuwepo. Mchumba wake ni muuguzi. Hospitali ilikuwa imeshamwahidi nafasi mradi apate leseni mwezi ule, na mtihani wake ulikuwa Alhamisi ya wiki ile ile. Nikaona picha yote: kijana anajaribu mlango Jumanne, apate kuingia vizuri Alhamisi. Kila alichofanya kuanzia hapo kilinithibitishia. Akipokea simu nje, anaficha. Akipokea ndani, anajifanya hana la kuficha.

Jumatano mchana alikuja mezani kwangu. "Shemeji," akasema, "nina neno. Kuhusu ile faili."

Nikajua anakuja kunilainisha. "La nyumbani au la kazi?"

"La kazi."

"Basi liandike."

"Nimeshaandika," akasema, akabaki amesimama kana kwamba bado kuna kitu.

"Kama umeandika, nitasoma. Nina kazi."

Alipoondoka nikafungua barua pepe. Hakuna kitu. Nikaangalia na kwenye trei ya karatasi. Hakuna. Nikasema moyoni, kumbe na uongo anaujua. Jioni ile ile nikaandika taarifa kwa msimamizi wa kituo, kurasa mbili, na saa zote nikazinakili kutoka kwenye daftari, dakika kwa dakika. Nilijisikia vizuri, nisidanganye. Nilijiona mtu wa haki, anayeweza kumtaja hata wa nyumbani kwake.

Alhamisi asubuhi msimamizi alituita wote wawili. Ni mzee mwembamba, hapendi kelele. Mchumba wa Taratibu alikuwa ameshazuiwa getini, na jina lake limeondolewa kwenye orodha hadi awamu ijayo, miezi sita. Msimamizi aliisoma taarifa yangu kwa sauti, kisha akamwuliza Taratibu ana la kusema.

Taratibu alinitazama mimi, si msimamizi. "Someni daftari," akasema.

"Nimelisoma," nikamjibu. "Ndiyo maana umekaa hapo."

Akanitazama usoni. Mimi sikukwepesha macho, nilikuwa na uhakika wangu. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani, akatoka. Nikaona kiburi. Jioni mume wangu alikula bila kunisemesha, na simu ya mama mkwe ililia mara nne. Sikuipokea hata mara moja.

Ijumaa funguo zote mbili zilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nikizigusagusa. Ukumbi ulijaa, tukalazimika kutumia hata kiti cha kwanza, kile kilicho karibu na mlango. Kiti hicho huwa tunakiacha kwa wasioweza kutembea mbali. Siku ile alikaa kaka mmoja wa magongo, na ile Jumanne alikuwa amekaa mama mjamzito. Wiki nyingine hakikaliwi kabisa.

Saa nne likaingia kundi la pili. Hawajatulia hata, mkono ukapanda kiti cha ishirini na mbili. "Samahani, hapa kwangu naona maswali mawili yamejibiwa."

Nilikwenda chumba cha nyuma karibu nikimbie. Mama alikuwa amebadilishwa saa tatu kasoro dakika tano. Saa tatu kasoro dakika tano mimi nilikuwa ukumbini nagawa karatasi za kuandikia rasimu, na mlango umefungwa, na funguo ninazo. Nikavuta kiti, nikakaa, nikafungua mipangilio ya mashine zote thelathini, moja baada ya nyingine.

Ishirini na tisa zilikuwa sawa. Kila moja imeandikwa wazi: faili ya kumbukumbu ifunguliwe kwa kusoma tu, na mabadiliko yakae kwa mashine yenyewe. Ya thelathini ilikuwa ya kiti cha kwanza. Ndiyo niliyoitumia kumtengeneza Mama, na wakati wa kumtengeneza ilibidi iruhusiwe kuandika, la sivyo Mama asingepatikana. Nikishamaliza nilitakiwa niibadilishe iwe ya kusoma tu kama wenzake. Sikuibadilisha. Na lile kufuli nililojisifia linazuia watu kama mimi. Programu inayoziendesha mashine inatumia akaunti ya mkuu wa seva, ambayo kufuli la aina ile haliigusi. Kila aliyekaa kiti cha kwanza, baadhi ya tiki zake zilikwenda moja kwa moja ndani ya Mama, na waliokuja nyuma yake wakazikuta.

Mstari mmoja tu. Watahiniwa walipoondoka nilimtengeneza Mama upya, nikaurekebisha mstari ule, nikaenda kukaa mwenyewe kiti cha kwanza na kujibu maswali yote hovyo hovyo. Nikarudi kuangalia. Mama hakubadilika hata chembe.

Nilitaka kulimaliza jambo kwa unyofu. Nikachukua daftari, na kwa mara ya kwanza tangu ile wiki ya kwanza nikalikunjua, ili niandike kosa langu upande wa maelezo.

Upande ule ulikuwa umeandikwa.

Mwandiko wake mdogo, uliolala. Alhamisi ya wiki iliyotangulia: "Mama amebadilika leo. Kiti 1 kilitumika. Shemeji, angalia mipangilio ya kiti 1." Kisha Jumanne: "Nimekaa hapa dakika ishirini nikitazama. Mtu wa kiti 1 akijibu, Mama anabadilika. Si mtu anayeingia. Naomba irekebishwe kabla ya Alhamisi, mchumba wangu ana mtihani, sitaki ionekane amebebwa."

Na upande wa kushoto, chini tu ya mstari ule wa Jumanne, sahihi yangu.

Nililipeleka daftari kwa msimamizi lilivyo. Alisoma pande zote mbili, akarudia. "Sahihi hii ya chini ni ya nani?"

"Yangu."

"Tarehe ile ile."

"Ndiyo. Lakini lilikuwa limekunjwa, sikuona."

"Jana ulisema umelisoma." Hakupandisha sauti. Alilifungia daftari ndani ya droo yake. "Kijana atarudi kazini Jumatatu. Orodha ya watahiniwa imeshakwenda, mchumba wake hatuwezi kumrudisha. Wewe niachie funguo zote mbili hapo mezani, mpaka tuangalie."

Niliziacha. Nikatoka nikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe, ambako Taratibu anaishi. Alifungua mlango mwenyewe. Nyuma yake, kwenye kochi, mchumba wake amekaa na sare nyeupe mpya mapajani, anafumua lebo ya hospitali kwa wembe. Hakuinua kichwa.

Nilieleza yote palepale kizingitini: mstari mmoja, kiti cha kwanza, kosa langu, daftari lililokunjwa. Nililia pia, na mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Aliniacha nimalize.

"Nilidhani umesoma," akasema.

"Sikusoma, shemeji."

"Ulisema umesoma. Mbele ya msimamizi." Akatafuta maneno kama kawaida yake. "Mimi nikajua umeona kosa ni lako, na umeamua unibebeshe mimi."

"Siwezi kufanya hivyo. Unanijua."

"Na mimi ulikuwa unanijua."

Ndani, wembe ulikuwa ukikata uzi baada ya uzi. Nilimshika mkono. "Niambie tu unaniamini," nikasema. "Kwamba sikuona."

Alifikiri kwa mwendo wake ule ninaoucheka siku zote. Kisha akautoa mkono wake kwenye wangu, bila hasira.

"Liandike, shemeji," akasema. "Nitasoma."