Gambuti za Kutembelea

Kaka yangu Runji aliambiwa atembee au akatwe mguu, na hamu ya kutembea hakuwa nayo.

Nesi wa kliniki ya sukari pale mjini Maua, mama mmoja anayeitwa Winrose, hakumzungusha. Alimvua soksi, akamgusa nyayo kwa uzi mgumu, huku na huku. Runji alikuwa anatazama dari.

"Ukianza uniambie," akasema.

Winrose alikuwa ameshamaliza.

"Mzee, miguu yako imelala," akamwambia. "Kila siku utembee, haraka haraka, mpaka jasho litoke. Viatu vizuri vya kufunga, na soksi. Soda uache kabisa. Na kila jioni ugeuze nyayo uzitazame, kwa sababu zenyewe hazitakuambia zikiumia."

Mimi ndiye niliyempeleka, nikasikia kila neno.

Runji si mvivu. Miraa aliyoachiwa na baba yetu ni miti mizee, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuipanda. Alikuwa na nywele nyeupe na bado akiipanda pekupeku, akichuma juu kabisa ambako vijana wanaogopa. Lakini hiyo ni kazi. Huku Igembe mtu mzima hatembei bure. Anaenda shambani, sokoni, matangani au kanisani. Ukimwona mwanamume mwenye pikapu anatembea barabarani mikono mitupu, unajua mambo yameharibika.

Binti yake Kananu alimtumia viatu vya mazoezi kutoka Nairobi, vyeupe. Siku ya kwanza akavivaa, tukashuka pamoja hadi njia panda. Waendesha bodaboda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao, na Kiunga, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akatuona.

"Mzee Runji! Pikapu imekufa?"

"Iko nyumbani. Natembea tu."

"Unatembea kwenda wapi? Panda nikupeleke."

"Siendi popote."

Kiunga akawageukia wenzake. "Mmesikia? Haendi popote. Mama Kananu amemfukuza, na amemnunulia viatu vya safari!"

Walicheka mpaka mmoja akaangusha kofia. Runji akageuka, akarudi nyumbani, akavisukuma vile viatu chini ya kitanda.

Baada ya hapo ikawa vita kila asubuhi. Mkewe Karwirwa alikuwa anamwamsha kabla hajaenda sokoni kuuza nyanya.

"Baba Kananu, amka utembee."

"Kuna umande."

"Umande umekauka."

"Basi kuna jua."

Nilimkuta siku moja saa nne, ameketi ukingoni mwa kitanda na soksi moja mkononi. Aliniambia, "Mwiti, mtu akisema kuna simba nyuma yangu, labda ningeinuka. Labda." Hakuwa anatania. Tangu aambiwe ana sukari, kuna kitu ndani yake kilikuwa kimezima. Hata chakula alikuwa anakitazama kama deni.

Nikamwambia ninavyojua mimi, kwamba hamu haingojwi. Unavaa viatu, unatoka, na ikitaka itakufuata njiani. Akasema hapana, hamu kwanza, ndipo miguu. Tukabishana, nikaenda zangu.

Hamu akaja kuipata kwenye miti yake mwenyewe.

Wiki mbili hivi baadaye nilikutana naye barabarani, anapanda mlima kama mtu anayekimbizwa. Amevaa gambuti. Ana panga mkononi. Shavu limejaa miraa, na chupa ya soda inachungulia kwenye mfuko wa koti.

"Unaenda wapi na panga?" nikamwuliza.

"Shambani."

"Shamba liko nyuma yako."

"Wewe unajua. Kiunga hajui." Akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ile ya kliniki. "Nimepita mbele yake mara tatu. Ananiambia, kazi njema mzee."

"Na viatu vya Kananu?"

"Nani anaenda shambani na viatu vyeupe?"

"Na hiyo soda?"

"Hii si ya kunywa. Ni ya kusukumia miraa." Kwetu miraa ni chungu, na kila mtu huisukuma kwa kitu kitamu. "Nesi alitaka jasho. Hili ni nini?" Akajipangusa uso, akanionyesha kiganja kilicholowa.

Nikamwambia nesi alitaka mambo manne, si moja. Akanipungia panga, akaendelea kupanda.

Kila anayejua miraa anajua ile nguvu yake, tunaiita handasi. Ikikushika, unaweza kulima hadi giza usisikie njaa wala mgongo. Runji alitembea mvua na jua. Karwirwa alifurahi, akaniambia mume wake amerudi. Jioni alikuwa anamletea karai la maji amwoshe miguu, amtazame nyayo, lakini mtu mwenye handasi hakai. Runji alikuwa anazunguka uani akipanga kujenga, akipanga kununua pikapu ya pili. "Kesho," alikuwa anamwambia. "Kwani miguu inaenda wapi?" Yale maji yalimwagwa kwenye sukuma wiki.

Jumapili moja Karwirwa alinishika mkono nje ya kanisa.

"Shemeji, njoo umwone ndugu yako. Nyumba inanuka na anasema ni matope."

Tulimkuta uani na gambuti zake, anatafuna. Nikamwambia avue. Akasema ni matope ya bondeni. Nikapiga magoti, nikavuta gambuti ya kulia. Ilitoka kwa shida, ikatoka na soksi, na soksi ikatoka na ngozi. Karwirwa akaenda kutapika nyuma ya jiko.

Ndani ya gambuti kulikuwa na msumari wa mabati. Ulikuwa umepenya kutoka chini, na kichwa chake kilikuwa kimeng'ara kwa kusuguliwa na barabara. Runji akautazama.

"Huo ni wa nani?" akauliza.

Hospitalini, kile kipimo cha sukari hakikutoa namba, kiliandika tu kwamba imezidi. Mguu ulikuwa mweusi hadi kwenye kifundo. Daktari hakukaa sana na sisi. Winrose alisikia, akaja wodini jioni kabla ya upasuaji. Hakumgombeza. Alisimama pembeni ya kitanda, akamwuliza, "Mzee, ulitembea?"

"Kila siku, sista." Runji alianza kulia. "Mwulize Mwiti."

"Alitembea," nikasema. Ulikuwa ukweli.

Sasa ameondokewa na hivi. Mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti. Pikapu, kwa sababu mguu wa kukanyaga mafuta ndio uliokatwa. Miti ya baba, ambayo sasa inapandwa na vijana wa kibarua, na wameshaivunja matawi mawili makubwa huku yeye anawapigia kelele kutoka kwenye kiti. Kibanda cha nyanya cha Karwirwa, ambacho kimechukuliwa na mwanamke mwingine, maana Runji hafiki chooni bila kushikwa. Na mguu wa kushoto, ambao Karwirwa huuosha na kuugeuza kila jioni, kidole cha mwisho kimeanza kubadilika rangi.