Sauti Iliyopita Mia

Fundi wa kompyuta akikosea ofisini hulaumiwa na bosi wake tu; akikosea nyumbani kwao hulaumiwa na ukoo mzima. Binti wa Mwalimu Sikio alilijua hilo vizuri, ndiyo maana hakupenda kuigusa mashine ya baba yake. Lakini ilikuwa imebaki nyuma mno, na wiki iliyopita akajitosa, akaipandisha toleo. Ilitumia mfumo wa Linux, na yeye mwenyewe ndiye aliyeuweka miaka ya nyuma. Ilipowaka tena ilikuja na sura mpya kabisa: madirisha yenye pembe za mviringo, menyu imehama, alama ya spika imejibanza pembeni karibu na saa. Baba alivumilia yote hayo. Kilichomshinda ni kimoja.

"Umeniulia sauti," alimwambia kwenye simu siku ya pili yake.

"Baba, bonyeza alama ya spika. Inasema ngapi?"

"Eh?"

"Inasema ngapi?"

"Hebu ongea na mama yako, mimi mikono ina kazi."

Mama akasoma: mia kwa mia, na haiendi zaidi. Binti akamwambia basi sauti ipo yote. Akamsikia mama akiyarudia maneno hayo kwa baba, kwa kupaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara. Hakulitilia maanani. Kwao walikuwa watu wa kelele tangu zamani.

Mwalimu Sikio alifundisha kwaya maisha yake yote, na jina hilo hakupewa bure. Aliweza kuwasimamisha waimbaji arobaini katikati ya ubeti, akanyoosha mkono mpaka mstari wa tatu na kusema, "Wewe mwenye shati la kijani, umepanda kidogo. Shuka." Na mwenye shati la kijani alikuwa kweli amepanda. Alipostaafu alihamishia kazi nyumbani. Alirekodi nyimbo za kwaya, akazisafisha kwenye kompyuta ile, akipunguza sauti hii na kuinua ile, mpaka wimbo utulie.

Nyumbani kwake kusikiliza kulikuwa na kanuni. Wimbo ukipigwa, wote mnafumba macho, na anayesikia kasoro anainua kidole. Wa mwisho kuinua anaosha vyombo. Binti aliosha vyombo vingi utotoni kabla masikio yake hayajakomaa. Mama, ambaye kwake kila wimbo ni mtamu, anaviosha mpaka leo.

Jumamosi mchana binti akaja na mkoba wake wa kazi. Baba alikuwa chumba cha mbele, amekalia kiti chake cha magurudumu madogo, uso umekunjamana.

"Wameniletea wimbo, wanautaka kesho," alisema badala ya salamu. "Na wewe umeniachia minong'ono. Nyie mafundi hodari sana. Mnachukua sauti ya mtu, halafu mnamwambia ipo."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa, tengeneza."

Alianza na yale ya kawaida. Akatazama sauti inatokea wapi, maana mashine ikishapanda toleo huweza kuamua yenyewe kuipeleka kwenye skrini na kuziacha spika zikiwa bubu. Ilikuwa inakwenda kwenye spika. Akaangalia kipimo cha kila programu, zote mia. Akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akapandisha na kushusha mistari ya kadi ya sauti mmoja baada ya mwingine, na hakukuta hata mmoja uliofungwa. Akaizima huduma ya sauti, akaiwasha upya. Mwisho akavaa vipokea sauti vyake mwenyewe, akaupiga ule wimbo, akavivua haraka kwa sababu masikio yalimuuma.

"Baba, sauti ipo."

"Ipo wapi? Kabla hujaigusa ilikuwa inajaza chumba. Sasa haijazi hata kikombe."

Lawama ilimchoma. Ofisini watu walimpigia makofi kwa mambo magumu kuliko haya, na hapa anaonekana mharibifu. Akaingia mtandaoni kwa hasira, akitafuta chochote cha kumtetea. Akakuta wenzake wengi wakilia kilio hichohicho: nimepandisha toleo, sauti imeshuka. Mmoja alikuwa amewajibu. Katika toleo la zamani, alieleza, watu waliwahi kufungua ukomo na kuruhusu sauti ipite mia mpaka mia na hamsini. Toleo jipya limeurudisha ukomo pale pale mia. Kipo kiswichi cha kuufungua tena. Lakini angalieni, alimalizia, kupita mia hamwongezi wimbo, mnaongeza mkwaruzo.

Binti akakumbuka. Alimwonyesha baba kiswichi kile zamani, kwa ajili ya kanda moja mbovu iliyorekodiwa mbali na kipaza sauti. Akakitafuta, akakiwasha, na mstari wa sauti ukarefuka mbele ya macho yake. Akausukuma mpaka mwisho.

Chumba kikatetemeka. Vioo vya kabati vikalia, karatasi ndani ya spika zikavuma kama mbu aliyenaswa kwenye kopo, na sauti za juu za wanawake zikatoka zimechanika. Binti akaziba masikio kwa viganja.

"Hiyo!" Baba akapiga goti lake kwa furaha. "Hiyo ndiyo sauti yangu ya siku zote!"

Kwanza binti alishangilia moyoni. Hakuvunja kitu! Angeweza hata kumwambia baba amwombe radhi. Kisha ukuta ukagongwa kwa nguvu, na fundi cherehani wa jirani akapaza sauti kutoka upande wa pili: "Mwalimu, tumeanza tena? Wiki nzima tulikuwa tumepumzika jamani!"

"Tusamehe, jirani!" Mama akajibu kutoka jikoni, bila mshangao wowote.

Baba hakugeuka. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu kwa mapigo ya wimbo, anatabasamu. Mtu yuleyule ambaye zamani aliwahi kuifungua redio ya watu ugenini, tena bila kuombwa, kwa sababu skrubu moja ilikuwa imelegea na inamkera. Sasa spika zake mwenyewe zilikuwa zinapasuka mbele yake, naye ametulia kama maji mtungini. Binti akausimamisha wimbo. Ladha ya ushindi ikamgeukia shubiri mdomoni.

Alimkuta mama anapepeta mchele.

"Tangu lini, Mama?"

Mama hakuuliza anaongelea nini. "Mwaka wa pili huu. Nilidhani unajua. Wewe si ndiye fundi wa hiyo mashine?"

"Amekwenda hospitali?"

"Nimesema mpaka nimechoka. Sikio la kufa halisikii..." Akaikata methali katikati, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Anasema akienda wataandika, na kikishaandikwa kitajulikana. Basi namwitikia watu mlangoni. Namshikia simu. Ng'ombe haelemewi na nunduye, mwanangu."

"Na wimbo uliopita?"

Mama akautazama mchele. Wimbo uliopita kwaya waliupokea kwa heshima, wakasema umekaa mkali kidogo. Binti mwenyewe aliusikia ukamchoma masikio, akadhani ni simu yake. Kumbe baba hakuzisikia sauti za juu, akawa anaziinua, na kuziinua tena, mpaka zikawa sindano. Wale wa kwaya hawakutaka kumvunjia heshima. Ila mwenyekiti wao, mama mmoja mpole, alimnong'oneza mama sokoni kwamba huu wa sasa nao ukitoka hivyo, wataanza kupeleka nyimbo kwingine.

Binti alisimama pale jikoni, akapima. Akinyamaza, wimbo utatoka kesho ukiwa umechanika, na watu watamcheka Mwalimu Sikio kwa jina lake lenyewe. Akisema, yeye ndiye atakayekuwa amemwondolea baba kitu pekee alichokuwa nacho. Mashine alishaitengeneza. Laiti ingekuwa mashine. Alihuzunika hivi mara ya mwisho walipomzika bibi, na hata siku ile alikuwa na baba wa kumwegemea.

Akapiga moyo konde, akarudi chumba cha mbele.

"Baba, tuusikilize wote. Kwa kidole, kama zamani."

Baba akamtazama kidogo, kisha akacheka. "Wewe unatafuta vyombo vya kuosha."

Akamwita mama, naye akaja na ungo wake mkononi, akaketi kwenye kiti cha ukutani, akimwelekea mumewe uso kwa uso. Binti akagundua kwamba kiti kile zamani hakikukaa pale. Akaupiga wimbo, ukomo bado wazi, akafumba macho.

Mkwaruzo ulikuwa kila mahali. Akaungoja ubeti wa pili, pale sauti za juu zinapopanda zote pamoja, na zilipopasuka akainua kidole. Kisha akafanya jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa wizi. Akafumbua macho.

Mama alikuwa amefumba, anatabasamu, kidole hakijui kitu. Baba alikuwa amefumbua. Alikuwa anakitazama kidole cha binti yake kwa makini, kama mwanafunzi anayenakili kwa jirani, na polepole kidole chake nacho kikapanda.

Macho yao yakakutana. Kidole cha baba kikabaki hewani, hakijui kishuke au kikae.

Binti akausimamisha wimbo. Mama akafumbua macho, akawatazama wote wawili, akaelewa. Akainuka na ungo wake, akarudi jikoni, na mchele ukasikika tena.

"Umeniibia," baba alisema. "Kufumbua ni wizi."

"Na wewe, Baba?"

"Mimi ni mwizi wa siku nyingi. Mama yako ni mke mwema, hana mfano. Lakini kwa nyimbo... mwanangu, nimekuwa nakitegemea kidole kisichoinuka. Ule uliopita uliniponyoka hivyo hivyo. Najua walichosema. Mtu akikusifu huku anatazama viatu vyake, huhitaji masikio."

Binti akasogeza kiti karibu yake ili baba aone midomo yake vizuri. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mimi nilikuoshesha vyombo mpaka ukajua kusikia. Kisha nije nikuombe?" Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi sasa, wala hakuyaficha. "Ulipopandisha toleo, nilifurahi kidogo. Nilisema basi, ni kompyuta. Wiki nzima nimekuwa nikiomba iwe ni kompyuta."

Binti akamshika mkono. Alitamani kumwambia ni kompyuta kweli, kwamba kuna kitu amesahau, atakitafuta tena. Hakuweza. Walikaa hivyo mpaka skrini ikajizima yenyewe.

Baba ndiye aliyenyanyuka kwanza. Akakisogeza kile kiti cha magurudumu, kiti ambacho hata wajukuu hawakuruhusiwa kukizungusha, akakielekeza kwa binti yake.

"Kaa. Kesho wanakuja. Sauti irudishe pale inapokaa kwa watu wote."

Binti akakaa. Akakizima kiswichi, na mstari ukarudi kwenye mia, chumba kikatulia. Baba akaenda kwenye kiti cha ukutani, akaketi alipokuwa ameketi mama, magoti pamoja, kama mgeni.

Wakafanya kazi alasiri yote. Binti akisikia kasoro anainua kidole, anausimamisha wimbo, anamwambia kwa midomo mipana ni sauti ipi na imefanya nini, na baba bila kusita anamjibu punguza hapa, waache wanaume watangulie, usiwaguse wa kati. Alichomwambia kilikuwa sahihi kila mara. Wimbo ulikuwa umo wote kichwani mwake. Mlango tu ndio uliokuwa unafungwa.

Jua lilipofika kwenye kabati wakaupiga mara ya mwisho, tangu mwanzo. Safari hii binti hakuinua kidole hata mara moja. Sauti za juu zilipanda safi, zikashuka, zikawaachia wanaume, na wanaume nao wakafifia kidogo kidogo mpaka wimbo ukaisha. Kukawa kimya. Hata fundi cherehani wa jirani hakusikika.

Binti akageuka ili amwambie wimbo umetulia. Baba alikuwa ameinama mbele, macho yamekikazia kidole cha binti yake, bado anasikiliza.