Cherehani Isiyo na Uzi

Binti yangu wa pekee alipoomba cherehani ya marehemu baba yake aipeleke kwenye maonyesho ya sanaa, nilimpa. Tangu tumzike ilikuwa imefunikwa shuka, hakuna aliyeikanyaga. Lakini siku ya kufungua maonyesho hayo shemeji yangu alikuja asubuhi na gari lake la mizigo, uso umekunjamana.

"Shemeji, umesikia? Kaka yangu amegeuzwa sanamu. Cherehani imewekwa katikati ya chumba, ati watu waje waitazame. Na wewe mtu wa sala unakubali?"

Neno hilo lilinichoma. Kitu cha kuabudiwa badala ya Mungu sikitaki hata kizingitini.

"Twende," nikamwambia. "Nikiona ndivyo, inarudi nyumbani leo hii."

Chumba kilikuwa kikubwa, kuta nyeupe tupu kama za nyumba iliyohamwa. Cherehani ilikuwa peke yake katikati, na kiti cha fundi, na kando yake rundo la vipande vya kitambaa cheupe. Shemeji akaguna. "Sanaa yenyewe iko wapi? Hata ua hawakuchora!"

Mimi nilitazama sindano. Haikuwa na uzi. Nikaona haya kwa ajili ya mwanangu: mtoto wa fundi, mgeni akikaa kushona itakuwaje? Mkoba wangu haukosi uzi. Nikaketi, nikajaza mweusi kwenye bobini ya chini, nikautia na kwenye tundu la sindano, nikajaribu mshono kwenye pembe ya kitambaa. Ukaja sawa.

"Mama, unafanya nini?" Binti yangu alikuwa mlangoni.

"Nakusitiri. Umesahau uzi."

Hakucheka wala hakunifokea. Alichuchumaa karibu na goti langu. "Sikusahau, mama. Niliutoa mwenyewe."

"Kwa nini? Unamcheza shere baba yako?"

"Uzi ukiwepo, mtu atashona aende zake. Usipokuwepo, atajiuliza. Mimi sikuleta cherehani hapa, mama. Nimeleta hilo swali."

"Swali halishikiki," akasema shemeji.

"Kwani sala inashikika, baba mdogo?"

Shemeji akatazama dari kana kwamba ameitwa huko.

Mkono ulikuwa mzito, lakini niliukata ule uzi, nikauvuta wote, wa juu na wa chini. Nikalaza vipande viwili vya kitambaa pamoja, nikakanyaga. Sauti ilikuwa ileile iliyonizoeza usingizi wa mchana miaka yote ya ndoa. Sindano ikapanda, ikashuka. Nilipofika mwisho nikainua kitambaa: kipande kimoja kikabaki mkononi, cha pili kikaanguka sakafuni. Vyote vina matundu, mstari umenyooka vizuri kabisa.

Nikaviweka vyote viwili mapajani. Tangu nifiwe naamka, nafagia, nachemsha chai, naitikia salamu. Watu husema, mama huyu amejikaza. Kazi zote nafanya, na hakuna kinachoshikana.

"Ndivyo ulivyoniona?" nikamuuliza.

"Ndivyo nilivyo mimi, mama. Wewe nilidhani umepona."

Hatukuwahi kulisema hilo, kila mmoja akimficha mwenzake. Nikamshika kichwa nikamwombea kimoyomoyo. Nilitafuta sanamu pale ndani sikuiona. Niliona nafasi ya mtu, basi, na Mungu hachukii mtu kukumbukwa.

"Sasa tunabeba au hatubebi?" akauliza shemeji.

"Nenda kwenye shughuli zako, shemeji yangu. Inabaki."

Alitoka akinung'unika kuhusu mafuta ya gari. Baada ya muda wageni wa kwanza wakaingia. Bwana mmoja mwenye tai akakaa kitini kwa mzaha, akawa anakanyaga kama anayeua mende, wenzake wakacheka. Binti yangu akauma mdomo. Nikamsogelea yule bwana, nikamwekea mkono begani.

"Taratibu, baba. Mguu mmoja utangulie mwingine. Aliyekuwa akikaa hapo hakuwa na haraka."

Akapunguza. Wenzake wakanyamaza, na sote tukaanza kuisikia sindano.