Kichochoro Ndani ya Mshipa

Nesi alikuwa akimnyoa kinyozi mstaafu mkono, kwenye kifundo, mahali ambapo waya ungeingilia. Kinyozi alimtazama kwa muda, akashindwa kunyamaza.

"Mwanangu, mbona unanyoa kama unaparua samaki?"

"Mzee, leo wewe ni mteja tu. Tulia nikupunguze mvi."

Daktari alichoma sindano ya ganzi, akapitisha waya hadi moyoni. Picha zilizopigwa kutoka nje zilikuwa zimeonyesha kivuli tu cha mshipa uliobana, na daktari huyu hakupenda kubahatisha. Akapeleka kamera nyembamba kuliko njiti ya kiberiti hadi upande wa pili wa palipobana, kisha akaivuta nyuma polepole, ikipiga picha kuta kutoka ndani.

Mle ndani kulikuwa na kichochoro.

Kilionekana kwenye skrini kuanzia mwisho wake: bomba la maji, mlango wa fundi saa, kamba za nguo kutoka dirisha hili hadi lile. Palipobana zaidi palikuwa na kiti cha kunyolea. Kando yake mwanamke aliyejifunga kitambaa cha njano alikuwa akianika mashuka, vibanio vya nguo mdomoni.

"Huyo mke wangu," kinyozi akasema. "Naona ameacha kukohoa."

Daktari aliomba picha ikuzwe ili apime.

Kichochoro hicho kilibomolewa zamani, ili kupanua barabara inayopita mbele ya hospitali. Wapimaji walikiona kwenye ramani, kutoka juu, mstari usiopitisha gari. Wakazi waliahidiwa nyumba kwingine, wakapelekwa kwenye mahema. Mke wa kinyozi alifia humo wakati wa mvua, ufunguo wa nyumba ukiwa umefungwa kwenye pindo la nguo yake. Nyumba hazikujengwa.

"Mzee wangu, hapa pamebana mno," daktari akasema. "Nisipopapanua, moyo utasimama."

"Na wale wapimaji walisema hivyohivyo kuhusu mji."

Binti yake alikuwa nyuma ya dirisha la kioo, kwenye chumba cha mitambo. Siku ya kubomolewa alikuwa hajaota meno. Aliinamia kipaza sauti.

"Baba, kubali. Mimi nimebaki na wewe tu."

Kinyozi alitazama skrini. Mkewe alikuwa akikung'uta shuka, kwa namna yake ileile ya kulipiga mara moja, kwa nguvu, kama anayemfukuza mtu.

"Daktari, unapima kutokea wapi?"

"Kutokea ndani. Ukuta hadi ukuta."

"Basi panua. Ila madirisha usiyaguse."

Daktari alichagua kijineti cha chuma cha kuushikilia mshipa usibane tena, kinachotosha ukuta hadi ukuta, bila kuzidi. Puto dogo lililokuwa ndani yake lilipoanza kukitanua, fundi saa aliingiza meza yake ndani. Mke wa kinyozi alikusanya mashuka, akasimama mlangoni. Kinyozi alihisi kifua kikibanwa, kisha kikaachiwa.

Kamera ilipitishwa tena kuhakikisha kijineti kimekaa sawasawa. Watu wa kichochoroni walikuwa wameshatoka nje. Mkewe alivuta nyaya za kijineti kwa mkono mmoja, akaona ni imara, akaanza kuanika juu yake.

"Kimeshika," daktari akasema.

"Naona."

Kesho yake kinyozi aliruhusiwa. Alisimama na binti yake mbele ya hospitali, wakingoja kuvuka. Alikuwa anapumua vizuri.

"Baba, nyumba yetu ilikuwa wapi hasa?"

"Pale kwenye mstari mweupe. Kiti changu kilikuwa huku, lori lile linapopita."

"Na mama alikuwa anaanika upande gani?"

"Upande wenye jua."

Binti aliutazama upande huo. Magari yalikuwa mengi, na hakuna lililopunguza mwendo. Akamshika baba yake mkono, wakaendelea kungoja.