Mwito wa Jumatatu ya Kwanza

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori, na watu walimwita Breki kwa sababu hakupenda kuzikanyaga. Alifia kwenye kona moja huko mbali, jioni, taa moja tu ikiwaka. Tukamzika nyuma ya nyumba karibu na mipapai, watu wakala wakatawanyika, na mimi nikarudi saluni kusuka vichwa vya watu. Nilidhani yamekwisha. Kumbe kulikuwa na wilaya moja ambako Breki bado yu hai, tena anatafutwa.

Aliyejua mapema ni mama. Hata mwaka haujaisha, alianza kuniambia kwamba Breki anakuja. Haji usiku wala ndotoni. Anakuja asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya mwezi, maji ya chai yanapoanza kuchemka, anasimama nje ya mlango wa jikoni na shati lake la kazi. Haingii. Anasema, "Mama, naitwa," kisha anageuka na kushika njia ya barabarani. Na mama anaiacha chai jikoni, anamfuata.

Mdomo wangu nao hauna breki. Nilimwambia mama aache mambo yake, marehemu haitwi na mtu, ni upweke tu na kutokula vizuri. Aliendelea kumwekea kikombe chake, kile cha bati cha bluu kilichobanduka ukingoni, kila asubuhi, kimejaa hadi juu. Mimi niliye hai, ninayefua na kupika na kupaka dawa magoti yake, hakuwahi hata kuniuliza kama nimekunywa. Iliniuma. Nasema wazi, niliuonea wivu mzimu ule.

Mwanzoni alikuwa anaishia kwenye uzio. Halafu akawa anafika njia panda. Mwishowe akafika barabara kuu, na siku hiyo dereva wa basi alimrudisha nyumbani amemshika mkono, yeye mwenyewe anatetemeka kuliko mama. Aliniambia amemkuta katikati ya lami, mkono mmoja ameunyoosha mbele kama mtu anayetaka kumshika mwenzake shati, na kwamba alikanyaga breki hadi abiria wakaangukiana. Alisema tumshukuru Mungu. Nilimshukuru, lakini hesabu niliielewa. Siku moja dereva hatawahi kusimama, na mimi nitachimba kaburi la pili pale kwenye mipapai.

Wiki ileile wakaja askari wawili wa kwetu na hati ya kukamatwa. Walikuwa vijana wapole, viatu vimejaa vumbi, wakauliza kama Breki yupo. Waliliita jina lake lote, na la baba na la babu. Nikawajibu yupo, nifuateni, nikawapeleka hadi kwenye mipapai. Walivua kofia. Mmoja akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hati haikutoka kwao, ni ya wilaya moja ya mbali inayoishia darajani, Breki aliandikiwa kosa huko na hakutokea mahakamani. Wao hawawezi kuifuta. Faili lifungwe kulekule lilikofunguliwa.

Nilipogeuka mama alikuwa nyuma yetu, kanga ameishika kifuani. "Nilikwambia wanamwita," akasema.

Basi nikaacha wateja wangu, nikapanda gari kwenda huko. Mahakama yenyewe ilikuwa jengo la chini lenye baraza refu, na uwanjani zilirundikwa pikipiki zilizokamatwa zamani hadi nyasi zimeota katikati ya spoku. Watu walikaa popote penye kivuli. Ndani, kwenye chumba cha kumbukumbu, mafaili yalipangwa kuanzia sakafuni hadi darini, yamefungwa kwa vipande vya mipira ya matairi, na chumba kizima kilinuka kama duka la fundi wa pancha.

Karani alikuwa mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi. Nilianza kumtajia jina la kaka yangu, akainua mkono. Jina niliweke mfukoni, akasema, anataka namba ya gari. Huku barabarani watu wakikamatwa hutaja majina ya majirani, ya mashemeji, kuna hata mmoja aliyetaja la mkwewe aliyekuwa na ugomvi naye. Gari halina ugomvi na mtu. Nikamtajia namba ya lori lile, niliyoijua kama ninavyojua kiganja changu, maana nilikuwa naisubiri itokee kwenye kona tangu nikiwa binti mdogo.

Alipanda kwenye kiti, akavuta faili, akapuliza vumbi. Taa ya mbele ya kushoto haiwaki. Hilo tu ndilo lilikuwa kosa lake. Tarehe ilikuwa ileile niliyoipaka mwenyewe kwa rangi nyeupe kwenye kaburi lake. Nikamwekea cheti cha kifo mezani, akakisoma pole pole, akakigeuza, akakisoma tena. Kilitolewa na wilaya ya ng'ambo. Breki aliandikiwa upande huu wa daraja, akavuka, akafia upande wa pili, na wa upande wa pili hawakuwaambia wa huku. Kwa hiyo ng'ambo ile alikuwa marehemu na ng'ambo hii alikuwa mtoro. Nikamwambia karani kwamba daraja lenyewe mtu analivuka kabla hajamaliza kupiga chafya. Alikubali kwamba ni kweli, na wala hakucheka.

Nikauliza huwa wanafanya nini na mtoro. Akanieleza. Zamani hakimu mmoja alimhukumu mtu aliyekuwa amelala kivulini nje, hakusikia akiitwa, na ilileta shida kubwa. Tangu hapo, kwao hawafuti jina la mtu wala hawamhukumu mpaka aitike, au ndugu yake amwitikie. Askari anamwita mara tatu: mlangoni, dirishani, kisha getini ameelekea barabara. Asipotokea, anaitwa tena mwezi unaofuata.

"Lini?" nikauliza.

"Jumatatu ya kwanza," akasema karani. "Asubuhi tukifungua tu. Ya zamani ndiyo yanaanza."

Mimi si mtu wa kuogopa vivuli, nimesuka hadi maiti kwa ajili ya ndugu zao, lakini pale nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa nimemwambia mama yangu, usoni, kwamba anatunga.

Karani alinirudishia cheti. Nije nacho Jumatatu hiyo, akasema, na jina likiitwa nisimame niseme amefariki, hakimu atafunga faili. Nikamwambia hilo si tatizo, kusema ndiyo kazi yangu. Akaniangalia juu ya miwani, akasema wengi hudhani hivyo.

Mama sikuweza kumwacha nyuma. Siku kama hiyo nani angemzuia asiende barabarani? Nikaenda naye, tukafikia nyumba ya wageni jirani na mahakama, na asubuhi hakutaka kugusa chai. Alivaa nguo yake ya sherehe. Nilipomuuliza kwa nini, alisema anakwenda kumwona mwanawe, nami nikamfunga vifungo vya mgongoni.

Tukakaa benchi la mbele. Hakimu alikuwa na mafua, leso haikumtoka puani. Askari aliyesimama mlangoni alikuwa mtu mrefu mwenye mvi, na huko wilayani wako wachache kiasi kwamba yeye huyohuyo ndiye trafiki wa barabarani na ndiye mwitaji wa mahakamani. Karani akasoma namba ya lori. Askari akatoka mlangoni, akaita.

Aliita jina lote. Sisi nyumbani tulimwita Breki, na jina lile zima alikuwa akilitumia mama tu, siku akiwa amekasirika. Sauti ya yule mzee ilikuwa nzito, ikapita juu ya uwanja, na watu kivulini wakageuza vichwa. Ilikuwa zamu yangu. Nilisimama na cheti mkononi, nikafungua mdomo, na neno halikutoka. Mimi huyu, ambaye nimefukuza wakwe na madalali kwa maneno tu.

Askari akaenda dirishani, akaita tena. Nilisikia mama akivuta pumzi kando yangu. Alikuwa ameinuka, ameukazia macho mlango, na uso wake ulikuwa umelegea na kung'aa kama wa msichana.

Askari akatembea hadi getini, akaita mara ya tatu akielekea barabara. Hapo tukasikia lori. Halikuwa karibu sana, lakini lilikuwa linakohoa likibadilisha gia, kikohozi kilekile nilichokisubiri kwenye kona utoto wangu wote, likapunguza mwendo, likasimama nje ya uzio. Injini ikazimwa. Askari pale getini alitazama kushoto, akatazama kulia, akavua kofia akajikuna. Baadaye aliniambia barabara ilikuwa tupu.

"Mama, naitwa," akasema mama taratibu, kama anayemtafsiria mtu aliye nje. Kisha akamgeukia hakimu, na sauti yake ikajaa chumba. "Mwacheni apumzike. Amefariki. Mimi ndiye niliyemvalisha shati, mimi ndiye niliyemfumba macho. Msimwite tena."

Hakimu aliweka leso chini. Alichukua cheti mkononi mwangu, akaandika, akapiga muhuri, akasema faili limefungwa na mahakama inatoa pole. Mama alikaa. Nilikuwa nimemshika mkono, na nilihisi vidole vyake vikilegea kimoja kimoja.

Tulipotoka, yule askari alitufuata barazani. Ndiye aliyemwandikia Breki jioni ile. Alimkumbuka vizuri kwa sababu alimchekesha. Alikusudia kulizuia lori mpaka taa itengenezwe, akasema, lakini kijana alimbembeleza kwamba mama yake anamsubiri na chai, basi akamwonea huruma, akamwandikia tu na kumwachia.

"Nilimwambia, ukiitwa uje," akasema. "Akaniapia. Akasema hata awe wapi, akiitwa atakuja."

Alikuwa analia, mtu mzima yule na sare zake. Nilitaka kumkasirikia kwa kuliachia lori lenye taa moja liende na giza linaingia, na hasira ninazo za kutosha wilaya nzima. Mama ndiye aliyemshika bega, akamwita mwanangu, akamwambia basi, imetosha.

Mwezi ule mama alilala vizuri. Alikula. Alinisemesha mambo ya majirani na kuku, na barabarani hakwenda. Wateja waliniambia nimependeza, kumbe ni usingizi tu. Nilihesabu kwamba nimeshinda.

Ikafika Jumatatu ya kwanza. Mama aliamka kabla yangu, akafagia mlangoni, akabandika maji. Akajaza kikombe cha bluu, akakaa kwenye kigoda ameuelekea mlango. Maji yalichemka yakapungua. Jua likaingia hadi miguuni pake. Nilijifanya nachambua mchele, lakini nilikuwa nasikiliza kama yeye. Hakuna kivuli kilichopita.

Jua lilipofika magotini mwake aligeuka. Sijawahi kuona mtu aliyeibiwa akiwa na uso kama ule.

"Kumbe ni wao tu waliokuwa wanamleta," akasema. "Nenda kawaambie wamwite tena. Mara moja tu."

Niliweka ungo chini. Kumwambia haiwezekani ningeweza, maneno yalikuwepo siku hiyo, yote. Badala yake nilitoka hadi kwenye mlango wa uzio, nikasimama kuelekea barabara, mimi niliyekuwa nikimcheka, nikaliita jina la kaka yangu lote, na la baba na la babu. Jirani alichungulia. Nikaita tena. Mara ya tatu sauti ilinikatika katikati, nikalia kilio ambacho sikulia siku ya mazishi, maana siku ile nilikuwa na kazi ya kupikia watu.

Hakuna aliyekuja. Lilipita basi, ikapita baiskeli yenye magunia.

Niliporudi jikoni mama alikuwa amesimama. Alinitazama muda mrefu, macho yangu mekundu, pua inachuruzika, kana kwamba mimi ndiye niliyetoka safari ya mbali. Akakichukua kikombe cha bluu, akakiweka mikononi mwangu.

"Umekunywa chai wewe?" akauliza.

Ilikuwa imepoa kabisa. Nikainywa yote.