Jina Lililoachwa Kwenye Ripoti

Wegesa, msichana wa Kitaji mjini Musoma aliyesomea kazi ya maabara Mwanza, alikuwa mtafiti wa kichocho. Mwaka 1976 alipelekwa na hadubini yake kwenye kijiji kipya cha ujamaa, jirani na Suguti. Kwa miezi mitatu alipata chupa arobaini tu za mkojo. Akina mama walimfungia milango. Mtoto wa kiume akikojoa damu, walisema, anakua huyo.

Ndipo kijiji kikampa msaidizi, Selestina, mwanamke wa darasa la nne aliyekuwa akiosha vidonda zahanati. Kwa siku tisa tu, Selestina akaleta chupa mia mbili.

"Umewaambia nini?" Wegesa aliuliza.

"Sikuwaambia kitu, dada. Nilikuwaga nachuma nao pamba, tunaongea. Halafu nikaona wanaokojoa damu wengi ni wa nyumba za juu. Wanaoga kwenye lambo la ng'ombe. Hawa wanaotumia kisima hawana shida."

Wegesa alipima chupa zote. Ilikuwa kweli. Kila yai la kichocho aliloliona kwenye kioo lilimchoma. Yeye ndiye aliyesoma, lakini nje ya dirisha akina mama walikuwa wakicheka na Selestina, wakimwita Mama Magige.

Alipoandika ripoti, hakumtaja. Kwenye mkutano wa Bunda, daktari mmoja aliuliza nani aligundua habari ya lambo.

"Ni mimi," Wegesa akajibu. Wakampigia makofi, wakamwahidi masomo Dar es Salaam.

Aliporudi kijijini, Selestina aliiomba ripoti. Aliisoma polepole, kidole kwenye mstari, mpaka mwisho. Akaanza tena.

"Dada, mimi niko wapi humu?"

Wegesa akainamia hadubini. Selestina akamrudishia karatasi zake, akaenda kugawa dawa nyumba za juu. Hakugomba, na hilo ndilo lililomshinda Wegesa. Siku nne zikapita. Siku ya tano akapanda basi hadi Bunda, akamweleza yule daktari ukweli.

Daktari alivua miwani. "Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Wivu. Wanampenda. Mimi hawanipendi."

Safari ya Dar ikafutwa. Selestina akapewa kozi ya miezi sita Musoma, na Wegesa akaagizwa abaki kijijini ashike kazi ya mwenzake.

Asubuhi ya kuondoka, wanawake walimbebea Selestina sanduku, wakamsindikiza kwa nyimbo hadi barabarani. Wegesa aliwatazama kutoka mlangoni pa zahanati. Alikuwa amesema ukweli, na bado wivu ulimkaba palepale.

Mama mmoja akafika na mtoto mgongoni. "Nimemfuata Mama Magige."

"Amekwenda Musoma. Atarudi baada ya miezi sita."

Yule mama alimtazama, akamfungua mtoto.

"Basi, mshike wewe."