Asilimia Arobaini ya Ukungu

Sisi watabiri wa hali ya hewa wa uwanja wa ndege ni mabahili wa maneno. Jambo likiwa na uwezekano wa chini ya asilimia thelathini, hatuliandiki kabisa. Likifika hamsini, tunaandika kwamba litatokea, basi. Katikati tumeachiwa namba mbili tu, thelathini na arobaini, na anayesoma anajua la kufanya.

Mchana ule nilikuwa namngoja binti yangu, kitinda mimba. Miaka sita sijamtia machoni. Kazini kwao walimpa likizo ya siku tatu tu, na ndege ndogo atakayopanda ilikuwa itue uwanjani kwetu kesho yake, jua likichomoza. Mashuka nilishayafua mara mbili kama mwendawazimu, na kandambili mpya nilishamnunulia.

Nikakaa mezani kuandika utabiri wa asubuhi hiyo hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha, upepo umelala, mawingu yanatawanyika. Hata mwanafunzi angejua ukungu uko njiani. Nikapiga hesabu, nikapata arobaini. Nikarudia, naitafuta ishirini kwa udi na uvumba. Arobaini ile ile.

"Andika thelathini," alisema Mzee wa Puto, mwenzangu wa zamu, tuliyembandika jina hilo kwa kuwa ndiye anayerusha maputo ya vipimo. "Kwa thelathini shirika lao la ndege huruka. Kwa arobaini hawathubutu. Nani atakuuliza?"

"Abiria kumi na wawili, mzee. Mmoja nimemzaa mimi."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Na ndiyo maana siandiki."

Niliandika arobaini. Nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kazini. Haikupita saa moja, safari ikafutwa.

Asubuhi kukakucha kweupe. Ukungu hakuna, hata wa kusingizia. Nikasimama dirishani nikaitazama njia ya kurukia ndege mwanzo hadi mwisho, nikailaani. Mzee wa Puto aliniletea chai, akaiweka mezani bila neno. Bahati yake, maana angesema kitu ningemmwagia.

Simu ikalia. "Mama, huko kukoje?"

"Kweupe pe."

"Uliandika wewe?"

"Mimi."

"Nilijua. Watu huku walikuwa wanamtukana mtabiri, nikawaambia komeni, huyo ni mama yangu." Akaendelea, "Ndege nyingine ni wiki ijayo, na siku tatu zenyewe ndiyo hizi zinaisha, mama. Lakini mwisho wa mwaka nitakuja."

Kila mwaka huniambia hivyo, na kila mwaka natandika kitanda. Nilikuwa na hamu ya kumwona mwanangu mpaka kifua kikauma.

"Usinipe moyo," nikamwambia. "Nipe namba. Ya kweli, kama niliyowapa nyinyi."

Nilimsikia akipumua, anahesabu.

"Thelathini," alisema.

Thelathini huandikwa. Nikaivuta kalenda, nikachukua kalamu.